Daraja la meno: kabla hujakubali kusagwa meno ya jirani, soma hapa kwanza

MkataKauri (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Mimi ni fundi wa maabara ya meno. Yaani dokta akishachukua vipimo vya mdomo wako anavituma kwetu, sisi ndo tunakaa na kauri na tanuru tunatengeneza hilo daraja afu linarudi kwake kufungwa. Mgonjwa simuoni kabisa, namjua kwa meno yake tu kwenye plasta. Nimeamua kuleta huu uzi kwa sababu kila mara naona mtu anauliza "nimeng'oa jino, niweke nini" na watu wanamjibu weka daraja, weka implanti (skrubu inayochomekwa kwenye mfupa afu inabeba jino bandia), weka la kuvaa na kuvua, na hakuna hata mmoja anayemuuliza kitu ambacho kwangu mimi ndo cha kwanza: hayo meno mawili yaliyobaki pembeni ya pengo yana hali gani?

Maana daraja halikai kwenye pengo, linakaa juu ya majirani. Daraja la kawaida la jino moja ni vipande vitatu vilivyoungana, kofia huku, kofia kule (kofia ni ganda linalovalishwa jino lililosagwa), na jino bandia katikati linaloning'inia bila mzizi. Ili zile kofia ziingie lazima meno ya jirani yasagwe kuzunguka pande zote, na upande wa kutafunia peke yake unaondoka kama milimita 1.5 hadi 2. Kuna watafiti mwaka 2002 walipima kwa uzito wakakuta kofia kamili inaondoa kati ya asilimia 63 na 72 ya ile sehemu ya jino inayoonekana juu ya fizi. Soma tena hiyo namba. Na ile enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, ikishaondoka haioti tena, jino hilo litavaa kofia maisha yake yote.

Sasa mara nyingi natumiwa mfano wa plasta wa meno, wa kabla ya kusaga na wa baada ya kusaga, naviweka vyote viwili mezani. Kuna mgonjwa meno yake ya jirani yalishazibwa kuta zote, limebaki ganda, hata pengo lisingekuwepo yangehitaji kofia tu. Huyo daraja ni zawadi kwake, anatibiwa meno matatu kwa mkupuo mmoja na wala hapotezi kitu. Afu kuna mwingine, meno ya jirani hayana hata alama ya kuziba, mazima kabisa, mfano wa pili ukifika yamebaki vigingi viwili. Huyo naumia kwa kweli, na huwa najiuliza kama kuna mtu alimwambia kwamba njia nyingine zipo.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kile kiti uliza, usione aibu: haya meno mawili yana afya gani? Yamezibwa kiasi gani? Mizizi yake ni mirefu au mfupa umeshashuka? Kama ni mazima kuna njia isiyosaga? Dokta mzuri hatakasirika, atakuonyesha eksrei mzungumze.

Jambo lingine ni haraka. Mtu kang'oa leo, wiki ijayo anataka daraja la kudumu. Ukishang'oa, mfupa na fizi vinasinyaa, na miezi mitatu ya mwanzo ndo vinasinyaa kwa kasi. Mimi nikikutengenezea jino likagusa fizi vizuri mwezi wa kwanza, baadaye fizi inashuka linabaki pengo chini yake, chakula kinaingia, na kama ni jino la mbele linaonekana kijiweusi ukicheka. Ndo maana watu hupewa daraja la muda la plastiki au la kuvaa na kuvua kwanza, fizi itulie, afu ndo vipimo vya kudumu.

Na fizi zinazotoka damu zitibiwe KABLA. Hili nalisema kama fundi. Siku ya vipimo fizi zikiwa zinavuja damu, ile mistari ya ukingo wa jino inatoka imefifia, mimi huku nabaki nakisia kofia iishie wapi, na kofia ambayo ukingo wake umekisiwa inaacha upenyo. Upenyo ndo mlango wa kuoza.

Karibuni kwa maswali.

---

Pwani_Kavu

Uzi mzuri mkuu, nakaa hapa. Mimi nina pengo la gego la chini na jirani zake zote zimezibwa miaka mingi, kwa hiyo kwa maelezo yako mimi niko kundi la kwanza?

---

MkataKauri

Unaelekea huko mkuu lakini eksrei ndo itasema, kuziba kwa nje kunaweza kuonekana kuzuri kumbe chini kumeoza mpaka karibu na kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa. Kama ni hivyo yatibiwe kwanza, hata kama ni rutikanali (kutoa kiini na kusafisha ndani ya mzizi), ndo kofia ije juu. Kuja kutoboa kofia baadaye ili kutibu mzizi inawezekana ila unaharibu kazi mpya.

---

MamaWawili

Samahani kaka naomba msaada. Binti yangu ana miaka 15, lile jino la pembeni ya yale mawili makubwa ya mbele juu halikuota kabisa, la utoto lilitoka na eksrei ikaonyesha hakuna kitu ndani. Kanyooshwa meno kwa nyaya wamemuachia nafasi. Sasa tulikoenda tukaambiwa asagwe jino kubwa la mbele na chonge wafunge daraja, ndo limalizike. Mtoto mwenyewe anafunika mdomo akicheka, shule wanamtania, nataka limalizike kweli lakini niliposoma huo uzi wako nimepata wasiwasi.

---

MkataKauri

Pole sana mama, na mwambie binti hayuko peke yake, hilo jino ni moja kati ya yale ambayo mara nyingi hayaoti kabisa kwa watu.

Nakuomba usikubali kusagwa kwanza, tafuta maoni ya dokta mwingine. Miaka 15 kiini cha jino bado ni kikubwa, ukisaga unakikaribia sana, hatari ya jino kufa ndani ni kubwa kuliko kwa mtu mzima. Na meno yake ni mazima si ndio? Implanti nayo bado mapema. Taya linaendelea kukua mpaka karibu miaka 18, 20 na kuendelea, implanti imeshikana na mfupa haisogei na wenzake, kwa hiyo baada ya muda lile jino linaonekana fupi limebaki juu wakati mengine yameshuka.

Njia ambayo inamfaa mtu kama yeye ni daraja la bawa. Hapo kuna jino bandia lina kibawa chembamba nyuma yake, kile kibawa kinagandishwa kwa gundi maalum nyuma ya jino la jirani, upande wa ulimi, hakuna kusaga au kunasagwa kidogo mno. Walimu wa Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani ndo waliolieneza miaka ya 1980 kwa mabawa ya chuma, mpaka leo wengi wanaliita daraja la Maryland. Siku hizi tunatengeneza hata la zirkonia, aina ya kauri ngumu, nyeupe, halipitishi ule weusi wa chuma mbele.

Na kitu ambacho watu hawaamini nikiwaambia: kwa jino moja la mbele, bawa MOJA linadumu kuliko mabawa mawili. Meno mawili hayachezi sawasawa ukitafuna, kila moja lina mtikisiko wake, kwa hiyo bawa moja kati ya hayo mawili linabanduka. Na kwa vile la pili bado limeshika, daraja halianguki, mtu hajui, chakula kinaingia nyuma ya lile lililobanduka na jino linaoza kimya kimya. Bawa likiwa moja likibanduka linatoka lote mkononi, unalipeleka linagandishwa upya, hakuna kilichooza.

Atalitumia mpaka awe mtu mzima, akitaka implanti wakati huo meno yake yote mawili bado yapo kama yalivyoumbwa.

---

Dokta_Kinywa

Fundi umeeleza vizuri. Mimi ni dokta wa meno, naongezea kidogo kwa MamaWawili. Bawa linataka mambo mawili. Kwanza enameli ya kutosha na yenye afya nyuma ya jino maana gundi inashika enameli, na siku ya kugandisha mdomo uwe mkavu kabisa, tunafunga mpira kuzunguka meno, mate yakigusa pale kazi imeharibika. Pili ni mng'ato. Kama meno yake ya chini yanagonga kabisa nyuma ya yale ya juu, hakuna nafasi ya bawa, kila akifunga mdomo analipiga. Hilo hukaguliwa kwa kumng'atisha karatasi ya rangi tunaona alama zinapiga wapi. Mara nyingine mtu wa kunyoosha meno anaweza kufungua nafasi kidogo kabla hajavua nyaya, kwa hiyo nenda MAPEMA, nyaya zikishavuliwa mjadala unakuwa mgumu.

Na baada ya nyaya lazima avae kile kishikizi cha usiku. Meno yakisogea hata kidogo nafasi inafunga.

---

MamaWawili

Asanteni sana wote wawili, Mungu awabariki. Nyaya bado anazo. Nitauliza hilo la bawa kabla hawajazitoa.

---

Chuma_Chakavu

Mimi sijui kwa nini bado tunajadili daraja. Hiyo ni teknolojia ya zamani. Implanti ndo mwisho wa matatizo, husagi jino la mtu, unaweka skrubu kwenye mfupa basi. Kama huna hela subiri upate.

---

MkataKauri

Mkuu hapo kwenye uzee wa daraja uko sawa, Waetruski kule Italia ya kale tangu karne ya 7 KK walikuwa wanafunga meno kwa mikanda ya dhahabu, mengine ya binadamu na mengine yaliyochongwa, na vitu hivyo vimefukuliwa makaburini vipo makumbusho. Lakini hata implanti sio ya jana, Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimuwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Umri wa kitu haunisaidii kujua kinamfaa nani.

Naipenda implanti, nazitengenezea kofia kila siku. Mtu mwenye jirani mazima, mfupa wa kutosha, havuti sigara, sukari yake iko sawa, na ana subira ya miezi kadhaa, kwa kweli nitamwambia aiangalie kwanza. Inasaidia pia mfupa usiendelee kusinyaa pale, kitu ambacho daraja halifanyi, chini ya lile jino bandia mfupa unaendelea kupungua taratibu.

Ila kusema ni mwisho wa matatizo, hapana. Fizi na mfupa kuzunguka implanti vinaugua vizuri tu kama hausafishi, na mfupa ukiliwa pale kuurudisha ni kazi kubwa. Wavutaji sigara na wenye sukari isiyodhibitiwa ndo wanaongoza kwa hatari. Kuna watu wanatumia dawa fulani za mifupa au walipigwa mionzi ya saratani kwenye taya, hao upasuaji wowote wa mfupa unapimwa kwa mizani. Na yule niliyemtaja mwanzo, ambaye jirani zake zimebaki maganda, unamwekea implanti katikati afu bado anahitaji kofia mbili pembeni. Amepata nini zaidi ya gharama?

Daraja lililotengenezwa vizuri linadumu pia. Mwaka 2004 kuna uchambuzi ulikusanya tafiti nyingi, ukakuta madaraja ya kawaida karibu asilimia 89 bado yako mdomoni baada ya miaka 10. Yale ya kuning'inia, yenye nguzo (jino la kushikia) upande mmoja tu, ilikuwa karibu asilimia 82. Sio vitu vya kudharau.

---

Dokta_Kinywa

Na hiyo asilimia 89 ni yaliyobaki mdomoni, sio ambayo hayakupata shida yoyote. Ambayo yalikaa miaka 10 bila usumbufu wowote yalikuwa kama asilimia 71. Namwambia kila mgonjwa wangu hivyo kabla hajasaini, ajue kuna uwezekano kauri ikamenyeka, jino likafa ndani, au simenti ikaachia.

Ila fundi nitakupinga kidogo. Unasema jirani wakiwa wazima unaumia. Mimi nina wagonjwa jirani zao ni wazima, mfupa wa pengo umeisha kabisa, kuongezewa mfupa hawataki na wala siwalazimishi, bawa kwenye gego halishiki vizuri kwa mng'ato wao. Nawasagia daraja na wanalitumia kwa raha miaka na miaka. Jino zima ndo nguzo imara kuliko zote.

---

MkataKauri

Sikatai dokta, nguvu ya nguzo hiyo naijua. Ninachotaka ni mgonjwa aambiwe kabla, kama wewe unavyowaambia wako. Mifano ninayoletewa haiji na maelezo mgonjwa aliambiwa nini na hilo ndo linaniuma.

---

Mzee_wa_Kibao

Vijana nawasoma kwa makini. Mimi nina umri wa miaka 71, magego mawili ya mwisho chini kulia sina, nimeng'oa muda mrefu. Nyuma yake hakuna jino lolote. Wanangu wananihimiza niweke daraja. Natafuna bila shida upande wa kushoto na hata kulia kwa yale yaliyobaki. Je, linawezekana?

---

MkataKauri

Shikamoo mzee wangu. Hapo kwa kuwa nyuma hakuna jino la kushikia, daraja la kawaida halina nguzo ya pili. La kuning'inia kuelekea nyuma silipendi kabisa, huko nyuma ndo nguvu ya kutafuna ilipo kubwa, kila ukitafuna unalikanyaga lile jino linaloning'inia na linaing'oa nguzo yake taratibu kwa mbele. Meno mawili ya kuning'inia ndo usikubali kabisa. Implanti au meno ya kuvaa na kuvua ndo yanayowezekana.

Ila kuna la tatu, dokta atanisahihisha.

---

Dokta_Kinywa

Shikamoo mzee. La tatu ni kuacha kama lilivyo, na wala sio uzembe. Tangu mwaka 1981 kuna mtaalamu wa Uholanzi anaitwa Käyser alionyesha kwamba mtu mzima mwenye meno yanayokutana vizuri mpaka yale madogo ya pembeni, kama jozi 10 hivi, anatafuna na kuishi vizuri bila magego yote. Japani tangu 1989 wana kampeni yao, lengo ni mtu akifika miaka 80 awe bado na meno yake 20. Ishirini, sio thelathini na mbili.

Kwa hiyo mzee, kama unakula unachotaka, hakuna jino la juu linaloshuka kujaza hilo pengo, taya haliumi, na fizi ziko sawa, mimi binafsi ningekushauri tulinde hayo uliyonayo. Tungefanya eksrei na kuliangalia lile gego la juu kila ukija kusafishwa. Pesa na nguvu zielekee kwenye fizi. Waambie wanao kwamba umeulizia na umejibiwa.

---

Mzee_wa_Kibao

Marahaba wanangu wote wawili. Nimeelewa vizuri. Ahsanteni kwa heshima na kwa muda wenu.

---

Lulu_ya_Bahari

Mimi langu lipo miaka mingi sasa, la juu pembeni, vipande vitatu. Haliumi kabisa. Ila siku hizi nahisi ladha mbaya upande ule hasa asubuhi, na mume wangu amenambia kuna harufu. Napiga mswaki vizuri sana jamani, hata mara tatu kwa siku. Inaweza kuwa ni tumbo?

---

MkataKauri

Dada nenda ukaangaliwe wiki hii hii, usisubiri liume.

Nikuelezee ninachokihofia. Daraja lina nguzo mbili. Simenti ikiachia upande mmoja, upande wa pili unalibeba lote, halidondoki, na wala huwezi kuhisi. Mate na chakula vinaingia chini ya ile kofia iliyoachia, mswaki haufiki, na jino linaanza kuliwa ndani kwa ndani. Kama lile jino lilishafanyiwa rutikanali halina hisia tena, kwa hiyo kutokuuma sio dalili nzuri hata kidogo.

Nimeletewa madaraja ya namna hiyo yaliyokatwa kutolewa, nitengeneze jipya. Kofia moja ndani iko safi, simenti nyeupe imeshika mpaka ukingoni. Kofia ya pili ya daraja hilohilo ndani yake kuna utope mweusi laini, ukiingiza sindano unazama, na harufu yake inajaza chumba hata baada ya kuloweka kwenye dawa. Hilo lilikuwa jino la mtu. Wakilipata mapema linaokoleka, wakichelewa hakuna cha kuvalisha kofia tena, linang'olewa, pengo la jino moja limekuwa la meno mawili.

Jaribu hivi kwenye kioo chenye mwanga: kausha ukingo wa kofia kwa kitambaa, libonyeze daraja kwa kidole kwenda juu na kushuka chini polepole, kila nguzo kwa wakati wake. Ukiona mate yanatoa vipovu kwenye ukingo wa fizi, hapo pameachia. Usipoona vipovu bado nenda, maana hilo jaribio halimalizi maneno, harufu inaweza kuwa ya uchafu chini ya jino bandia au ugonjwa wa fizi.

---

Lulu_ya_Bahari

Nimejaribu sasa hivi. Vipovu vipo nguzo ya nyuma. Nimeogopa. Nakwenda kesho.

---

Dokta_Kinywa

Usiogope dada, umewahi kuuliza. Wakuondolee daraja waangalie lililo chini kabla ya kuamua lolote. Mtu akitaka kukusindilia simenti mpya kwa pembeni bila kulitoa, kataa, atafungia uozo ndani. Ujue tu kwamba mara nyingi kulitoa ni kulikata, haliwezi kurudishwa lilelile.

---

Pwani_Kavu

Sasa hapo kwenye kusafisha. Dada anapiga mswaki mara tatu na bado, sisi wengine tufanyeje? Uzi wa meno haupiti kwenye daraja, nilimuona jirani yangu anahangaika nao.

---

MkataKauri

Haupiti kwa juu kwa sababu vipande vimeungana, ndo daraja lenyewe. Unaupitisha kwa CHINI. Kuna nyuzi za meno zinauzwa zina ncha ngumu upande mmoja na katikati zina sponji, ile ncha unaichomeka pembeni ya jino bandia kati ya fizi na nguzo, inatokea upande wa ulimi, unaivuta mpaka sponji ifike chini ya daraja, afu unasugua kwenda na kurudi, ukilikumbatia jino nguzo huku kisha la pili kule, na tumbo la jino bandia. Kama huna hizo kuna sindano za plastiki zenye tundu kubwa unatunga uzi wa kawaida. Viburashi vidogo vya katikati ya meno navyo vizuri sana kwa magego, chagua saizi inayopita kwa kubana kidogo bila kulazimisha. Mashine ya kupiga maji inasaidia kutoa mabaki lakini utando unaonata hautoki kwa maji peke yake.

Mara moja kwa siku, usiku. Siku za mwanzo fizi zitatoa damu, endelea kwa upole zitatulia, zikiendelea wiki mbili hivi nenda kaone dokta. Dawa ya mswaki iwe na floraidi, watu wazima ile yenye kama 1450 ppm, inaandikwa nyuma ya boksi. Kauri haiozi, ila ukingo pale kofia inapokutana na jino lako ndo panapooza, elekeza nguvu zako hapo.

Na ombeni kuonyeshwa siku mnayofungiwa, mkiwa na kioo mkononi, mfanye wenyewe mbele ya dokta. Kwangu mimi mtu ambaye hajaonyeshwa kupitisha uzi, daraja lake halijamalizika kufungwa.

---

Kijana_wa_Stendi

Kuna jamaa anaweka meno kwa siku moja, hasagi wala hachukui vipimo, anachanganya unga na maji yake anakujengea jino hapohapo mdomoni linashikana na ya jirani. Bei chee. Vipi hilo?

---

Dokta_Kinywa

Kimbia. Ile ni plastiki ya kuganda yenyewe. Ikiganda inatoa joto na kemikali inayochoma fizi, na akishaimwaga kuzunguka shingo za meno ya jirani inayafunga pamoja bila nafasi ya kusafisha chini. Nimewapokea wengi. Ukiitoa ile plastiki, fizi chini ni nyekundu imevimba imelala juu ya meno, mfupa umeliwa, na meno mawili yaliyokuwa mazima yanacheza. Huwa natoa jino la bandia moja na meno ya kweli mawili kwa pamoja. Inauma kwa sababu waliodhurika walikuwa wanatafuta tu kucheka bila pengo. Kama hela haijatosha, meno ya kuvaa na kuvua kwa dokta mwenye leseni ni salama mara elfu, unayavua usiku unayasafisha, jirani zako wanabaki wazima.

---

Chuma_Chakavu

Hapo nakubaliana na dokta asilimia mia. Mkuu MkataKauri, kuhusu malighafi, kipi bora? Zirkonia au ile ya chuma ndani?

---

MkataKauri

Inategemea liko wapi. Zirkonia tunaikata kwa mashine ikiwa bado laini kama chaki, na tunaikata kubwa zaidi kwa karibu asilimia 20, kwa sababu ikiingia tanuru la nyuzi 1500 hivi inasinyaa ndo inakuwa saizi yako na inakuwa ngumu vibaya sana. Kwa magego na kwa wanaosaga meno usiku naiamini. Ya chuma ndani kauri juu ina historia ndefu na inadumu, shida zake ni kauri kumenyeka na ule mstari wa kijivu unaotokea fizi ikishuka, na kuna watu wana mzio wa nikeli, wewe kama hereni za bei rahisi zinakuwasha masikio mwambie dokta mapema. Kuna kauri nyingine za kioo nzuri mno kwa sura lakini madaraja yake ni mafupi na ya mbele tu.

Rangi ichaguliwe mwanzoni kabisa mwa miadi, mchana kwenye mwanga wa dirisha, kabla mdomo haujakaa wazi, maana meno yakikauka yanakuwa meupe kuliko kawaida yake na mimi nitaletewa namba ya rangi ambayo sio yako. Na kama una mpango wa kung'arisha meno, ng'arisha kwanza usubiri kama wiki mbili, kauri haing'ariki baadaye.

---

Pwani_Kavu

Swali la mwisho mkuu. Nikishafungiwa likawa linauma, nijuaje ni kawaida au ni tatizo?

---

MkataKauri

Baridi kukushtua siku kadhaa hadi wiki chache ni kawaida, inapungua yenyewe taratibu. Kuuma ukiling'ata tu, yaani ukifunga mdomo unahisi lenyewe ndo la kwanza kugusa, hapo liko juu kidogo, rudi lipunguzwe, ni kazi fupi na usilivumilie eti litazoea, linaumiza mzizi na la juu yake pia. Ukiona linauma lenyewe bila kuguswa, linapwita usiku linakuamsha, au kitu cha moto kinauma na maumivu hayaondoki ukishameza, hicho ni kiini cha jino nguzo kinalalamika, piga simu asubuhi yake. Herufi s kupiga mluzi kwa daraja la mbele ni siku chache, soma kitu kwa sauti nyumbani ulimi utazoea.